Mbele betoni ifunike: namna ya kuita jicho la inje ku shantie ya nyumba yako

Ubaya wa nyumba unajifichaka pahali mutu haoni tena: chini ya musingi, ndani ya poto, ndani ya linto juu ya mulango. Siku rangi inapakwa, nyumba iliyojengwa vizuri na ile iliyojengwa na wizi zinafanana. Tofauti inaonekana siku ardhi inatetemeka, ao kisha mvua tatu kubwa, na wakati huo feza imekwisha na fundi amehamia muji mwingine.

Kuko njia moja ya kujikinga ambayo familia nyingi haziijui ao zinaona ni ya matajiri tu: kulipa mutu wa inje, asiyekuwa fundi wala muuzaji wa sima, aje kupima kazi wakati kitu kingali kinaonekana. Tutamwita mukaguzi wa inje. Habari hii inaeleza ni nani anaweza kufanya kazi hiyo, aje siku gani, aangalie nini, aache karatasi gani, na wewe mwenye kujenga ufanye nini kama hauna feza ya kumwita mara nyingi.

SABABU GANI HUKU KWETU NI LAZIMA

Majimbo ya mashariki yako juu ya Bonde la Ufa, pahali ardhi inapasuka polepole. Tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko la ukubwa wa 6,8 katika Ziwa Tanganyika lilibomoa nyumba Kalemie. Tarehe 3 Februari 2008, lingine la 5,9 lilipiga Bukavu na ngambo ya Ruzizi. Watu walikufa pande zote mbili. Kisha Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, Goma ilitetemeka siku nyingi, na nyumba ambazo lava haikufikia zilipasuka kuta.

Mara nyingi si tetemeko lenyewe linaua mutu. Linaloua ni ukuta usiofungwa na kuta zingine, poto yenye chuma chembamba, betoni yenye sima kidogo. Mambo hayo yote matatu mukaguzi anaweza kuyaona kwa nusu saa, lakini sherti aje mbele betoni haijamwagwa. Akija kesho yake, ataona betoni tu.

MACHO MATATU KU SHANTIE, NA KAZI YA KILA MOJA

Watu wengi wanasema: "Shiye tuko na ruhusa ya Urbanisme, basi nyumba ilikaguliwa." Hapana. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Jicho la kwanza ni la serikali. Katika Kongo, mwenye kujenga anapaswa kupata ruhusa ya kujenga mbele ya kuanza. Ruhusa hiyo ilipangwa upya na agizo la waziri la tarehe 26 Juni 2013. Ofisi ya Urbanisme na Habitat inaangalia karatasi za parseli, mupango wa nyumba, mupaka na njia. Ni kazi ya lazima, na uilipe kwa risiti ya serikali, si mukononi. Lakini afisa akipita ku parseli, si kawaida ahesabu vyuma vya kila poto.

Jicho la pili ni la mwenye kuongoza kazi: fundi mukubwa, entreprenere, ao injinia aliyechora mupango na anayesimamia shantie. Huyu anajua kazi kuliko wote, lakini ni yeye anayeifanya. Hakuna mwanafunzi anayejisahihishia mutihani wake mwenyewe.

Jicho la tatu ni la mukaguzi wa inje. Wewe ndiwe unamulipa, kwa kila safari. Hauzi kitu, hajengi kitu, hana ndugu ku shantie. Kazi yake ni kupima, kuandika na kwenda. Jicho hili ndilo linakosekana ku shantie zetu nyingi.

NAMNA YA KUMUCHAGUA

Tafuta injinia wa ujenzi ao tekinisia mwenye kusomea ujenzi na mwenye kufanya kazi miaka kadhaa. Wanafundishwa huku kwetu pia, kama ku ULPGL ya Goma ao IBTP ya Butembo. Walimu wa shule hizo ao za shule za ufundi wanakubaliaka kazi ndogo kama hizi. Fundi mukongwe wa kartie ingine, mwenye jina zuri, anaweza pia kusaidia kwa nyumba ya chini, isiyokuwa na etaji. Kwa nyumba ya etaji, sherti akuwe injinia.

Mbele ya kupatana, umuulize mambo haya:

– Alisomea wapi, na karatasi iko wapi?
– Ni nyumba gani mbili alifuata ambazo unaweza kwenda kuona na kuuliza wenyewe?
– Anajuana namna gani na fundi wako? Na mwenye kenkayeri unakonunua sima na vyuma?
– Bei ya safari moja ni ngapi, transporti ndani?
– Ataandika nini kisha kila safari?

Kuko alama za kukimbia. Mwenye kukubali kazi kwa simu bila kuona. Mwenye kufika bila metre ya kupimia. Mwenye kukutuma ununue ku duka moja tu: huyo iko na komisyo yake. Na mwenye kusema fundi wako hafai, umupe yeye shantie yote. Mukaguzi anayetaka kujenga si mukaguzi tena.

SAFARI SABA ZENYE MAANA

Mukaguzi hapaswi kukaa ku shantie kila siku. Anakuja mara saba kwa nyumba ya kawaida, na kila mara ni mbele ya kitu kufunikwa. Ukikosa feza ya zote saba, usiache ya pili, ya tatu na ya tano.

1. Parseli, mbele hata ya kununua mawe

Hapa anaangalia udongo, mutelemko na maji. Tarehe 4 Mei 2023, mafuriko na matope vilifagia Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe, na watu zaidi ya 400 walikufa. Pahali pa namna hiyo hakuna chuma kinachoweza kuokoa nyumba; dawa ni kutojenga ku njia ya maji. Wakaaji wa Uvira wanalijua hilo tangu Mulongwe ilipofurika Aprili 2020.

Kila muji iko na hatari yake. Bukavu, udongo wa milimani unateleza: mukaguzi aangalie miti iliyoinama, nyufa za ardhi, nyumba za majirani zilizopasuka upande mumoja, na maji ya parseli ya juu yanapita wapi. Goma, chini kuko jiwe la lava, lakini linaweza kuwa na shimo ndani. Wanapiga baramina na kusikiliza kama sauti ni ya utupu. Magharibi ya Goma, kuelekea Mugunga na Bulengo, kuko tena mazuku, ile hewa mubaya inayolala katika mabonde na kuua mutu bila harufu. Kama jirani walikufisha kuku ao mbuzi katika shimo, usichimbe kave wala chumba cha chini. Uliza kwanza ku Obzervatware ya Volkano ya Goma, OVG.

2. Mifereji ya musingi ikiwa wazi

Mukaguzi anashuka ndani ya mufereji. Chini kunapaswa kuwa udongo mugumu wa asili. Udongo mweusi wa shamba, takataka za zamani ao udongo wa kujaziwa havifai. Kama mvua imejaza mufereji, maji yatolewe na matope yakwanguliwe mbele ya kumwaga kitu. Ku mutelemko, musingi unakatwa kama ngazi, kila ngazi ikiwa sawa. Musingi unaofuata mutelemko utateleza nao.

Hapa pia anapima pembe. Kutoka kona, upande mumoja pima metre 3, upande wa pili metre 4. Katikati ya alama hizo mbili sherti ikuwe metre 5 kamili. Ikiwa si hivyo, nyumba imepinda tangu mwanzo na bati litakusumbua mwishoni.

Kama kuko ukuta wa kuzuia udongo, aangalie matundu ya kutoshea maji. Ukuta usio na matundu unabeba udongo pamoja na maji yote ya mvua, na siku moja unalala.

3. Vyuma vya senaji ya chini na vya poto, mbele ya betoni

Hii ndiyo safari kubwa kuliko zote. Senaji ni ule mukanda wa betoni na vyuma unaozunguka nyumba yote. Mukaguzi anaangalia mambo matano.

Unene. Chuma kinauzwa kwa jina la 12 na kumbe ni 10. Kwa macho haionekani, lakini mizani haidanganyi. Chuma cha kweli cha milimetre 12 kinapima karibu gramu 890 kwa kila metre; cha 10 karibu gramu 620; cha 8 karibu gramu 395. Pima urefu, weka ku mizani, gawanya. Fito moja ya metre 12 ya chuma cha 12 inapaswa kukaribia kilo 10 na nusu. Ukikuta kilo 7 na kidogo, wamekuuzia cha 10. Poto iliyopangiwa vyuma vine vya 12 na ikawekwa vya 10 imepoteza karibu sehemu moja juu ya tatu ya chuma chake.

Kuunganisha. Pahali chuma kinaisha na kingine kinaanza, vinapaswa kulaliana mara 40 hadi 50 za unene wake. Kwa chuma cha 12, ni sentimetre 50 hadi 60. Mafundi wengi wanaacha kiganja kimoja tu, ili kubana chuma.

Pete. Vile vyuma vyembamba vinavyofunga vyuma vikubwa, tunavyoita kadre, viwe kila sentimetre 15 ao 20, na karibu na ncha za poto kila sentimetre 10. Ncha za pete zikunjwe kuingia ndani, zisiachwe wazi. Wakati wa tetemeko, pete iliyoachwa wazi inafunguka kama mukaba.

Kona. Chuma cha ukuta mumoja kikunjwe na kuingia katika ukuta wa pili karibu nusu metre. Vikikutana tu ku kona bila kushikana, kuta zitaachana.

Nafasi. Chuma kisiguse udongo wala mbao za kofraji. Kiwe na betoni ya sentimetre 2 na nusu ao 3 pande zote, na sentimetre 5 ndani ya musingi. Wanaweka vipande vidogo vya betoni chini yake, si mawe wala vipande vya mbao. Chuma kinachogusa udongo kinakula kutu, kinavimba, na betoni inapasuka.

4. Ukuta ukifika ku dirisha

Mukaguzi anachukua briki tatu ao ine bila kuchagua. Briki ya kuchoma ikigongwa na ingine inalia kama chuma. Isiyoiva inalia kama udongo. Ikiangushwa kutoka bega ku udongo mugumu, inapaswa kubaki nzima. Anaangalia kama briki zinaloweshwa mbele ya kujengwa, maana briki kavu inanyonya maji ya motari na motari inabaki unga. Mistari ya kusimama isifuatane juu kwa juu. Ukuta upimwe kwa kamba yenye uzito, ile filaplo, na usipandishwe zaidi ya metre moja na nusu kwa siku.

5. Linto, senaji ya juu, na dalle kama kuko etaji

Senaji ya juu izunguke nyumba yote bila kukatwa, hata juu ya mulango mukubwa. Yote tuliyosema ya vyuma katika safari ya tatu inarudiwa hapa. Kwa dalle, mukaguzi aangalie tena miti inayobeba kofraji: isimame juu ya kitu kigumu, isiinuliwe na mabriki yaliyopangwa.

Siku hiyo ni vizuri akae hadi betoni imwagwe, juu ya vipimo. Kwa betoni ya poto na senaji, kipimo cha kawaida ni mifuko 7 ya sima ya kilo 50 kwa metre kube moja. Ku shantie, hiyo ni mufuko mumoja wa sima, burueti moja ya muchanga na burueti mbili za kokoto, kama burueti inabeba litre 60. Maji ni karibu litre 25 kwa mufuko, na kama muchanga umelowa, chini ya hapo. Kuongeza maji ndiyo ubaya unaopendwa, kwa sababu betoni inatiririka kama uji na kazi inakuwa nyepesi. Lakini kila bidoni ya ziada inapunguza nguvu. Na betoni iliyochanganywa asubuhi isitumiwe kisha chakula cha muchana: ikipita saa moja na nusu, imeanza kufa.

Mukaguzi aache maagizo ya siku zinazofuata: kumwangia betoni maji siku 7 angalau, na kuacha miti ya dalle siku 21 hadi 28. Betoni inapimiwaka nguvu yake siku ya 28, si siku ya 5. Ku miji yenye laboratware ya vifaa vya ujenzi, anaweza kuchukua vipande vya betoni vya kwenda kuvunjwa ku mashini. Kwa nyumba ya etaji hiyo ni feza iliyotumiwa vizuri.

6. Mbao za paa, mbele ya kupiga bati

Mbao ziwe kavu na zimepakwa dawa ya wadudu. Kila ferme ifungwe ku senaji kwa chuma kilichoachwa ndani ya betoni tangu mwanzo; musumari peke yake hautoshi kwa upepo wa pande za ziwa.

7. Nyaya, mabomba na fose, mbele ya kufunika. Kisha nyumba yote

Umeme ukuwe wa SNEL, wa Virunga Energies ao wa jua, sherti kuwe disjontere na waya wa udongo unaofika kweli ndani ya udongo. Mabomba yajazwe maji na yaachwe usiku kucha mbele ya kuyafunika. Fose septike ikae mbali na kisima, metre 15 angalau, na isiwe upande wa juu wa kisima hicho. Mwisho anazunguka nyumba yote: milango, madirisha, mifereji ya maji ya bati, nyufa.

KARATASI NA FEZA

Ukaguzi wa mudomo haufai kitu. Kila safari ibaki katika kaye ya shantie: tarehe, alichoona, alichopima, kinachopaswa kurudiwa, na siku ya mwisho ya kukirudia. Mukaguzi, fundi na mwenye nyumba, wote watatu watie sinyatiri. Pamoja na hiyo, picha za simu zenye metre ndani ya picha, ili kipimo kionekane. Tuma picha hizo kwa mutu mwingine wa familia. Huku kwetu, mutu anaweza kukimbia nyumba saa moja, na karatasi zikapotea pamoja na kabati.

Kisha, funga feza na ukaguzi. Andika katika mapatano na fundi kwamba transhi ya malipo inatoka kisha safari ya mukaguzi kuonyesha kazi iko sawa, na kwamba betoni haimwagwi mbele yake. Wajenzi wakubwa wanabakisha 5 hadi 10 kwa mia ya malipo hadi mwisho. Na wewe unaweza kupatana hivyo. Lakini uwe mwaminifu: mukaguzi akisema sawa, lipa siku hiyo hiyo. Fundi anayecheleweshewa makuta ndiye anaanza kuuza sima usiku.

KUSEMA NA FUNDI BILA KUMUVUNJIA HESHIMA

Ubaya mukubwa ni kumuleta mukaguzi kwa gafula, kisha kazi kuanza. Fundi ataona umemufanya mwizi. Sema naye siku ya mapatano, mbele ya transhi ya kwanza: "Fundi, mimi sijui kazi ya ujenzi, wewe ndiwe unaijua. Lakini feza hii ni ya familia, na familia inataka mutu apitie. Akisema kazi yako ni nzuri, hiyo karatasi itakusaidia hata kwa boss mwingine." Ni kweli: fundi mwenye kaye tatu ao ine zenye sinyatiri za mukaguzi iko na ushuhuda ambao wenzake hawana.

Kama anajibu, "Boss, shiye tunajengaka hivi tangu zamani, hakuna nyumba ilianguka," usibishane naye. Mwambie mukaguzi amweleze pale pale, kwa chuma na metre mukononi. Mukaguzi muzuri anasema na fundi, si juu ya fundi. Na kama fundi anakataa kabisa mutu wa inje kuingia, umejua jambo hilo mbele ya kutoa feza.

KAMA FEZA NI KIDOGO, AO UKO MBALI

Familia tatu ao ine za avenue moja zinazojenga wakati mumoja zinaweza kumulipa mukaguzi kwa siku moja, apite parseli zote. Transporti inagawanywa, na bei inashuka.

Kuko tena vipimo unavyoweza kufanya wewe mwenyewe. Muchanga: jaza chupa nusu ya muchanga, ongeza maji, tikisa, acha usiku kucha. Asubuhi utaona tabaka ya matope juu ya muchanga. Ikipita sehemu moja juu ya kumi ya muchanga, rudisha muchanga huo ao uoshe. Sima: tia mukono ndani ya mufuko, mabonge yasiyovunjika kwa vidole ni sima iliyokufa. Uiweke juu ya mbao, isiguse simiti wala ukuta, na usiihifadhi zaidi ya miezi tatu. Vyuma: mizani, kama tulivyoeleza. Na uhesabu mifuko mitupu ya sima kila jioni. Mifuko mitupu ikiwa kidogo kuliko burueti za muchanga, uliza.

Wale wanaojengesha wakiwa Kinshasa, Canada ao Dubai wanatumaka feza kwa ndugu, na ndugu huyo huyo ndiye anatuma picha na kusema "iko sawa". Hata kama ni mutu wa haki, umemubebesha muzigo wa pande mbili. Mwenye kushika feza asiwe mwenye kusema kazi ni nzuri. Mukaguzi umulipe wewe mwenyewe, kwa simu, na karatasi yake ifike kwako mbele ya kupita kwa ndugu.

MUKAGUZI AKIKUTA UBAYA

Mbele betoni haijamwagwa, ubaya mwingi unatengenezwa kwa saa chache: kuongeza pete, kubadilisha fito, kuchimba zaidi. Hiyo ndiyo faida yote ya kuja mapema. Kisha betoni, kuko njia tatu tu: kuvunja na kurudia, kuongeza nguvu kwa mupango wa injinia, ao kupunguza muzigo, mufano kuacha etaji uliyotaka kuongeza. Kupaka motari juu ya ufa si njia ya ine.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa yenye nyufa, tia alama ya kalamu ku ncha za ufa na uandike tarehe. Nyufa nyembamba kama unywele ndani ya krepi mara nyingi si hatari. Ufa unaotoka kona ya dirisha na kushuka kwa kulala, wenye kupanuka mwezi kwa mwezi, ni musingi unaosema. Mwite injinia mbele ya mvua zinazofuata.

Sheria pia iko. Dekre ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano, inayotumiwa hadi leo katika Kongo, inaweka juu ya arshitekte na entreprenere jukumu la miaka 10 kwa jengo lililojengwa kwa bei ya mapatano, likibomoka kwa ubaya wa ujenzi, hata kwa ubaya wa udongo. Lakini mbele ya tribinali, ao hata mbele ya shefu wa kartie, utaulizwa ushuhuda: mapatano yaliyoandikwa, risiti, picha, kaye ya shantie. Mwenye kujenga kwa mudomo atabaki na mudomo.

Basi, kama uko tayari kuanza, anza kwa mambo matatu juma hili: andika mapatano na fundi yenye kutaja mukaguzi, tafuta mukaguzi huyo mbele ya kuagiza mawe, na ununue kaye. Sima iko ya mwisho katika hesabu hiyo.